Utomvu Kidoleni

Wiki ile baada ya kura ya maoni, watu wa mteremko wetu wa Makindye, Kampala, waliacha kutazamana usoni. Walitazamana vidole gumba. Ukimpa mtu mkono anakupokea vizuri, anasema "kale, nyabo", yaani haya mama, na huku macho yamekwisha kushuka kukagua ukucha wako. Mimi nilikuwa fundi cherehani, mikono ndiyo iliyonilisha, na sikuwahi kujua kwamba mkono unaweza kukutia matatani bila kuiba wala kumpiga mtu.

Swali la kura lilikuwa moja tu: nchi iendelee bila vyama vya siasa, kama ilivyokuwa tangu vita vya themanini na sita viishe, au vyama virudi. Lakini wale waliotaka vyama walisema swali lenyewe ni mtego, wakawaambia watu wao wasiende kabisa. Kwa hiyo hukuhitaji kumuuliza mtu alichagua nini. Wino wanaopakwa wapiga kura gumbani ulisema. Mwenye wino alikwenda, na aliyekwenda alihesabiwa mtu wa serikali. Asiye na wino alikaa nyumbani, na aliyekaa nyumbani ana lake moyoni. Kura iliitwa ya siri, lakini kila mtu alitembea na jibu lake kidoleni.

Juu ya mteremko, kwenye nyumba za ua na mageti ya chuma, vidole vilikuwa safi. Huko walikaa walimu wa vyuo, daktari mmoja, watu wenye mashamba ya urithi, na mama mwenye nyumba wangu. Chini bondeni, kwenye nyumba za askari, vidole vilikuwa vyeusi na wenyewe walivionyesha. Mimi nilikuwa katikati, kando ya barabara ya vumbi: chumba kimoja, mbele cherehani, nyuma kitanda, pazia kati yake. Wa juu waliniletea gomesi za harusi, yale magauni ya heshima ya Kiganda, wa chini waliniletea suruali za kazi zilizopasuka magotini. Kwenye benchi langu walikaa pamoja wakisubiri, na sidhani kama kulikuwa na mahali pengine pa kukaa pamoja mtaa mzima.

Mimi ni Mkenya. Nilivuka mpaka wa Busia nikiwa msichana, nikafuata kazi, nikabaki. Kura ya Waganda haikunihusu hata chembe. Kidole changu kilipaswa kuwa safi kuliko vyote vya Makindye. Kilikuwa cheusi tii.

Siku ya kura maduka yalifungwa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniletea mkungu wa matoke, ndizi mbichi za kupika, kutoka shambani kwake, kama alivyozoea kuwafanyia wapangaji wake. Alikuwa mkarimu, siwezi kumnyima hilo. Asubuhi akaja rafiki yangu wa bondeni, mke wa sajini, amevaa nguo nzuri na kilemba kipya, nikadhani anapita kwenda kituoni. Akaketi. Akasema atakwenda baadaye, kwanza tumenye.

Huyu alikuwa mtu wa kaskazini. Mumewe alikuwa askari wa serikali ya zamani, akaingizwa katika jeshi jipya vita vilipokwisha, na mtu wa namna hiyo hata akipiga chafya wenzake hujiuliza anampa nani ishara. Mama yake mzazi alikuwa kambini huko kwao, na wengine wengi waliokimbia vijiji kwa ajili ya waasi wa msituni. Hakupenda kulizungumza. Tulipendana kwa sababu sote wawili tulikuwa wageni Kampala, kila mmoja kwa namna yake, na kwa sababu Kiswahili kilikuwa chetu. Kwa mama mwenye nyumba Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu anayekugongea mlango ameshika bunduki. Alinisemesha kwa ncha ya midomo, akirudi haraka kwenye Kiganda.

Sasa, wanawake wa Kiganda wanajua kumenya matoke. Hujipaka mafuta mikononi, hushika kisu kidogo, ganda likatoka, na mkono ukabaki safi kama wa bibi arusi. Mimi nilikulia ugali, rafiki yangu alikulia mtama na mihogo. Tulimenya kama watu wanaochuna mbuzi. Siku hiyo nilitoa kopo la mafuta ya kupikia, tupake kwanza. Akalisukuma pembeni.

"Wacha mafuta, dada. Inafanya kisu nateleza, utajikata."

"Utomvu utatuharibu."

"Itatoka tu. Wewe unaogopa ndizi?"

Nikacheka, nikamenya kwa mikono mikavu kama yeye. Tulimenya matoke mengi kuliko tuliyoweza kula. Nakumbuka alivyokuwa akikandamiza kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya ganda, taratibu, akikipeleka na kukirudisha. Tulipomaliza alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa akasugua vidole vingine. Kile kimoja akakiacha. Nilikiona, lakini sufuria ilikuwa inachemka na mimi nina njaa, sikuuliza. Mimi nilisugua vyote kwa kitambaa hicho hicho, vikatakata isipokuwa gumba, lililokuwa limeshiba utomvu. Alikula, akashukuru, akaondoka jioni vituo vilipokwisha kufungwa.

Kesho yake mama mwenye nyumba alikuja kupimwa gomesi. Binti yake alikuwa anakaribia kumleta mchumba nyumbani kwa wazazi, ile sherehe ya kwanjula, na gomesi ya mama siku hiyo si nguo ya mchezo. Nilimzungushia tepu kiunoni, nikaishika kwa kidole gumba nisome. Nikahisi mwili wake umekakamaa.

"Nyabo," akasema. "Hata wewe walikupatia kalatasi?"

Sikuelewa. Akanyoosha kidole chake safi, chenye rangi ya kucha, akagusa changu kama mtu anayegusa mende kuona kama amekufa.

"Huo ni utomvu, mama. Ni matoke yale uliyonipa wewe."

Alicheka kwa pua. "Matoke yangu."

"Haki ya Mungu."

"Watu wanasema Wakenya walibebwa kwa lori kuongeza kula," akasema, yaani kura. "Mimi nilikataa. Nilisema si yule wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna lori lililosimama mlangoni kwangu, na kwamba kama serikali ingenibeba ingeanza kwa kunitengenezea paa linalovuja, paa la nyumba yake mama mwenyewe. Lakini nguo yake ilikuwa mkononi mwangu na chumba changu kilikuwa mkononi mwake. Aliteremka kutoka kwenye kigoda, akavaa viatu, akasema atarudi. Kabla ya saa ya chakula alituma mfanyakazi wake kuchukua kitambaa cha gomesi, hata hakijakatwa.

Nilisugua kidole kwa sabuni. Nikasugua kwa mchanga, kwa jivu, kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikawasha. Weusi ulibaki palepale, umekaa kwenye mikunjo ya kiungo na pembeni mwa ukucha, mahali hasa wanapopaka wino. Nikavaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, kwenye kidole gumba. Hilo lilikuwa kosa. Fundi yeyote anajua kastabini haivaliwi pale, na wasio mafundi walijua pia. Mwuza makaa wa jirani aliniambia waziwazi, "Kwani unaficha nini?" Watu ambao hawakuwahi kuniletea hata kitufe wakaanza kuja na vifungo vilivyolegea, wakiinama karibu na mashine kana kwamba wanasoma sindano.

Wa juu wakakatika mmoja baada ya mwingine. Mke wa daktari akatuma mtu kuchukua sketi za watoto. Mwalimu mmoja mwanamke, niliyekuwa nikimshonea tangu ana ujauzito wa kwanza, alipita upande wa pili wa barabara akiwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Alitafuta kwa bidii mpaka alipopita mlango wangu.

Wa chini ndio walionitia hofu zaidi, maana walikuja wakitabasamu. Mke wa koplo mmoja, mwanamke wa sauti kubwa, aliingia na bilinganya kwenye ungo, akaniwekea mezani. Akanyoosha dole lake jeusi mbele ya pua yangu.

"Mimi nilijua wewe ni ya kwetu."

"Mama, mimi ni Mkenya. Sina kura hapa."

Akanikonyeza. "Ndiyo, ndiyo. Huna."

Kila nilivyokana ndivyo alivyozidi kufurahi. Akaniambia bondeni wote walikwenda, nyumba nzima nzima, na kwamba wake za askari walikutana kwenye bomba la maji asubuhi iliyofuata, kila mtu akainua kidole, na wakapiga vigelegele. "Hata yule rafiki yako ya kaskazini," akasema. "Sisi tulikuwa nasema huyo mutu moyo yake iko kwa msitu. Lakini alionyesha kidole. Nyeusi kabisa."

Nilibaki na bilinganya mkononi. Kituo kilifungwa yeye akiwa kwenye kigoda changu, anapuliza matoke yapoe. Nikakumbuka kopo la mafuta lilivyosukumwa pembeni. Nikakumbuka kitambaa cha mafuta ya taa na kile kidole alichokiacha. Nilielewa kwamba nimeshika kitu kinachoweza kuivunja nyumba ya mtu. Askari wa kaskazini ambaye mke wake alisusa kura, halafu akadanganya wenzake kwa ganda la ndizi: nani angemsikiliza tena?

Na papo hapo likaja wazo lingine baya zaidi. Mbona alinizuia na mimi nisipake mafuta? Angeweza kumenya mikavu peke yake, nami nikajipaka zangu. Labda aliona mafuta yangu yangeufanya ukavu wake uonekane. Labda alitaka tufanane, ili weusi wake usiwe wa peke yake. Labda hakuwaza hata kidogo. Nililigeuza wazo hilo kila nilipokanyaga cherehani, na kila mara lilikuwa na sura tofauti.

Siku hizo zote hakuja kwangu. Nilimwona akipita na ndoo, akanisalimu kwa mbali.

Jumamosi mwenyekiti wa mtaa aliniletea ujumbe wa mama mwenye nyumba: chumba kinahitajika, kuna ndugu yake anakuja, nihame mwezi ukiisha. Hakuwepo ndugu yeyote. Nilikasirika. Chumba kile kilikuwa njia panda ya wateja wangu wote. Nikihamia mahali pengine ninaanza upya, na nimekwisha kuwa mtu mzima. Nikamwambia mwenyekiti nataka tukutane barazani kwake, mama aseme kosa langu mbele ya watu.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada. Nilidhani tutakuwa watu wachache, lakini barua mbaya haina haja ya posta: kwenye benchi la kushoto walikaa wa juu, wamevaa nguo zao za kanisani, na upande wa kulia walisimama wa bondeni, mke wa koplo mbele kabisa. Rafiki yangu alisimama nyuma yao, karibu na pipa la maji ya mvua, mkono wa kulia umefunikwa na leso.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Aliuliza kuna nini. Mama mwenye nyumba alisema kwa Kiganda, polepole, kwamba hana ugomvi na mgeni, lakini hawezi kuweka nyumbani kwake mtu aliyekuja kuwaamulia wenye nchi. Nami nikasema kwa Kiganda changu kilichopinda kwamba sikupiga kura, kwamba ule ni utomvu, na kwamba matoke yalikuwa yake.

"Nani alikuona ukimenya?" mwenyekiti akauliza.

Swali la haki kabisa. Shahidi wangu alikuwa hatua chache kutoka pale. Sikumtazama. Nilijilazimisha kutazama viatu vya mwenyekiti, na bado nilimwona, kama unavyoona moto pembeni mwa jicho.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema.

Mama mwenye nyumba akafungua mkoba wake, akatoa limau, limekwisha kukatwa vipande viwili na kufungwa kwenye karatasi. Sikulitarajia. Kumbe usiku alikuwa amefikiri, na kwa namna yake alitaka kunitendea haki.

"Utomvu unatoka kwa limau," akasema. "Kila mwanamke wa hapa anajua. Wino hautoki. Anawe. Kidole kikiwa safi, abaki, nami nitamwomba msamaha mbele yenu."

Sikujua hilo. Miaka yote ile Kampala, hakuna aliyeniambia habari ya limau. Kama ningekuwa nimezaliwa hapo yasingefika barazani. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nasema kweli, nikanyoosha mkono.

Ndipo mke wa koplo akapaza sauti. "Hata sisi tutanawa! Leta hiyo ndimu. Sisi yetu ni wino, haitoki. Tuone nani mwongo hapa."

Macho ya mama mwenye nyumba yakang'aa. Alikuwa amesikia, kama wote wa juu walivyosikia, kwamba hesabu ya bondeni ilitiwa chumvi. "Kale," akasema. "Wote wanawe. Aanze Mkenya, wafuate wao, mmoja mmoja."

Pande mbili ambazo hazijakubaliana jambo tangu kura, zikakubaliana hilo. Wa juu waliinuka kwenye benchi waone vizuri. Wa chini walikunja mikono ya nguo. Mtu akachota maji kwenye beseni, kutoka pipa lile lile, na rafiki yangu akalazimika kusogea kumpisha. Hapo nilimtazama. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. Hakunisihi kwa macho wala hakutikisa kichwa. Alinitazama tu kama anavyotazamwa mtu aliyekwisha kukuuza.

Nikarudisha mkono.

"Sinawi," nikasema.

"Kwa nini?" mama mwenye nyumba akauliza, na kwa mara ya kwanza ilisikika kama anataka kweli kujua. "Kama ni matoke, limau linakuogopesha nini?"

"Limau haliniogopeshi. Nimekaguliwa wiki nzima kama ng'ombe mnadani. Nimekushonea miaka, mama, nimekupima mpaka kwapani. Ukitaka niamini, hutaki basi."

Maneno yalikuwa ya hasira na hasira ilikuwa ya kweli, ndiyo maana waliyaamini. Mke wa koplo akapiga makofi. "Nilisema! Ni ya kwetu huyo!" Wa juu wakaguna. Mwenyekiti akaona mwanya wake, maana mgeni akithibitika kupiga kura mtaani kwake maswali yangemwangukia yeye. Akasema mambo yaishe, hakuna kunawa, mwenye nyumba ana haki juu ya nyumba yake, watu warudi makwao. Mama mwenye nyumba alilifunga limau kwenye karatasi yake. Kipande kimoja kilidondoka, hakukiona au hakujali.

Nilikiokota. Nyumbani nilikikamua juu ya kidole, nikasugua. Weusi ulitoka bila shida, maji yakawa ya kahawia, na kidole kikabaki cheupe, kimenyauka, kama cha mtu aliyefua siku nzima. Nilikitazama nikalia kwa uchungu, peke yangu nyuma ya pazia.

Nilihama mwezi ulipoisha. Mwuza makaa alinisaidia kubeba cherehani. Rafiki yangu hakuja kuniaga. Nilijiambia anaogopa kuonekana nami, kisha nikajiambia ana aibu, kisha nikaacha kujiambia.

Nilipata chumba upande wa Mulago, wateja wakaja polepole, wengi wao wauguzi wenye sare za kubana. Wino wa watu wote ulikuwa umekwisha kutoka na kucha zilizopakwa zimekwisha kukatwa na kuota upya, nilipokutana na rafiki yangu wa bondeni karibu na lango la hospitali. Alikuwa amebeba kapu la chakula cha mgonjwa. Alikuwa amekonda. Nilifurahi kumwona, furaha ya kweli, nikamwita "dada" kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Alisimama. Kapu akalihamishia mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauingiza chini ya leso.

"Habari ya siku nyingi?" nikasema. "Nani anaumwa?"

"Mama. Tulimutoa kambini." Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa akitazama mkono wangu. "Yako ilitoka?"

"Ilitoka siku ile ile. Kwa limau."

Akatikisa kichwa taratibu. Akatazama nyuma, akatazama pembeni kwa mwuza machungwa, kisha akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya uji kwenye kapu.

"Dada," akasema, "uliambia nani ile ya ndizi?"

Nilimwambia sikumwambia mtu. Nikarudia. Aliitikia "sawa", kama ambavyo wateja huitikia ninapowaambia nguo itakuwa tayari kesho, akapita langoni na mkono wake bado umo ndani ya leso.